Kuhesabu kabla ya kufunga: kazi ya wachambuzi ndani ya polisi

Mtu akikwambia anatumika kwa polisi, unawaza mara moja iniforme, bunduki na kasho. Lakini katika polisi za nchi nyingine kuko watu ambao hawafungi mtu, hawana hata pingu. Wao wanahesabu: watu walipigwa wapi, saa ngapi, na je, kile polisi walifanya kilisaidia ao hapana?

Mmoja anayejulikana sana katika kazi hii ni Mmarekani Lawrence Sherman. Alianza akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama mchambuzi wa utafiti katika polisi ya New York. Kisha akawa mkubwa wa utafiti katika Police Foundation, shirika la Washington.

Jaribio lililomjulisha lilifanyika katika mji wa Minneapolis, munamo 1981 na 1982. Bwana amepiga bibi yake, polisi wanaitwa. Wafanye nini? Wengi walisema hayo ni mambo ya ndoa, wapatanishwe tu. Sherman na mwenzake Richard Berk hawakutaka kubishana. Waliwapa polisi karatasi za rangi tatu, zimechanganywa kama kura. Rangi iliyokuwa juu ndiyo iliamua: kumfunga mwanaume, kumtoa nyumbani kwa saa 8, ao kuwashauri na kuondoka. Kesi za majeraha makubwa hazikuingizwa.

Walifuatilia kesi 314 kwa miezi 6. Kufuatana na maandishi ya polisi, asilimia 10 hivi ya waliofungwa walirudilia. Kwa waliotolewa nyumbani, ilikuwa asilimia 24. Matokeo yalitangazwa 1984, na miji mingi ya Marekani ikaanza kuwaambia polisi wake: fungeni.

Mwingine angekaa na sifa yake pale. Sherman alifanya jaribio tena katika mji wa Milwaukee, munamo 1987 na 1988. Huko mambo yaligeuka. Mwanaume mwenye kazi akifungwa, alipunguza kupiga. Asiye na kazi alizidisha, na aliyelipa ni bibi yake. Sherman akaandika waziwazi kwamba sheria za kulazimisha kufunga kila mara ziondolewe. Kwangu, ugumu wa kazi hii hauko kwa kompyuta. Uko pale unapoingia kwa mkubwa wa polisi kumwambia kwamba kile ulimshauri jana kinaumiza wanawake wengine leo.

Tena kuko shida ya hesabu yenyewe. Sherman na wenzake walichukua simu zote zilizopigwa kwa polisi ya Minneapolis kwa mwaka mzima, wakaona asilimia 3 tu ya anwani za mji ndizo zilitoa nusu ya simu. Ni kitu kikubwa: mkubwa anajua wapi atume watu wake. Lakini zile ni simu za waliopiga. Mama anayepigwa akanyamaza, kwa kuwa anaogopa ao haamini kama atasaidiwa, kwenye karte ile nyumba yake inaonekana ni ya amani. Sisi wa huku tunajua vizuri nyumba za namna ile. Kwa hiyo mchambuzi mzuri anauliza pia hospitali, na anatuma watu kuuliza nyumba kwa nyumba.

Munamo 2022, polisi ya London ilimchukua Sherman kuwa mkubwa wake wa sayansi. Alikuwa amekwisha kupita miaka 70.