Vijana watano na samaki wa Schubert

Jioni ya Agosti 30, 1969, wanamuziki watano walipanda jukwaa la Queen Elizabeth Hall, London, kupiga utungo wa Franz Schubert unaobeba jina la samaki trauti, ambaye leo huvuliwa pia katika mito ya baridi ya Mlima Kenya.

Kwenye piano alikuwa Daniel Barenboim, miaka 26, mzaliwa wa Buenos Aires. Mkewe, Jacqueline du Pré wa Oxford, miaka 24, alishika chelo. Fidla ilikuwa ya Itzhak Perlman, aliyepata polio akiwa na miaka minne na ambaye kesho yake angetimiza miaka 24. Viola alipiga Pinchas Zukerman, miaka 21, mzaliwa wa Tel Aviv kama Perlman. Mkubwa wao, Zubin Mehta wa Bombay, miaka 33, alikuwa tayari kondakta mwenye jina. Usiku huo aliweka kijiti chini, akarudia besi kubwa aliyojifunza Vienna.

Muziki wa kundi dogo hauna kondakta. Kila mmoja humtazama mwenzake, na akichelewa hakuna wa kumficha. Wanaofanya biashara kwa ubia wanaijua hali hiyo.

Schubert aliutunga 1819, akiwa na miaka 22, kwa ajili ya Sylvester Paumgartner, tajiri wa Steyr, mji wa Austria uliokua kwa biashara ya chuma. Tajiri huyo alikuwa mpiga chelo wa kujifurahisha, na aliupenda mno wimbo wa Schubert kuhusu trauti anayenaswa baada ya mvuvi kuyatibua maji. Wimbo huo unarudi katika sehemu ya nne, kila mara kwa sura mpya. Besi inabeba mzigo wa chini, hivyo chelo inabaki huru kuimba. Schubert hakuuona ukichapishwa. Alifariki 1828, nao ukatoka mwaka uliofuata.

London, uhuru huo wa chelo ulimwangukia du Pré. Christopher Nupen, mtengeneza filamu mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwapo na kamera zake. Nyuma ya jukwaa vijana wanaonekana wakibadilishana ala na kucheka kama watoto wa shule. Kisha wanaingia ukumbini, na mzaha unaisha. Du Pré anapiga kwa mwili mzima, nywele zikimfuata.

Miaka miwili baadaye vidole vyake vilianza kufa ganzi. Mapema 1973 alipiga hadharani kwa mara ya mwisho, New York, Zukerman akiwa kando yake na fidla. Oktoba mwaka huo madaktari waligundua ugonjwa unaoharibu mfumo wa fahamu. Alikuwa na miaka 28.

Alifariki 1987, akiwa na miaka 42. Filamu ya Nupen bado inatazamwa, du Pré akiwa katikati ya wenzake, vidole vikikimbia juu ya nyuzi.