Kujifunza Kuchora Nyumbani: Neno kwa Familia Zetu za Thika na Ruiru

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Familia nyingi za pwani zimehamia Thika na Ruiru kwa ajili ya kazi, biashara na masomo. Watoto wao wakulia katika nyumba za ghorofa, mbali na milango ya nakshi ya Lamu na Mombasa, mbali na bibi zao washonao kofia. Katika nyumba hizo swali hili huulizwa tena na tena: binti yangu hapendi jambo kama kuchora; je, nimwache au nimkataze? Na wako akina mama waulizao kwa nafsi zao: watoto wakishakwenda skuli nabaki peke yangu, natamani kujifunza kuchora lakini sina mwalimu, je, yafaa, na nianzie wapi?

Hukumu kwanza

Moyo wenye shaka hautulii kazini, basi tuanze na hukumu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba mtu mmoja, ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza sura kwa mkono wake, alimwendea Ibn Abbas (r.a.) kumuuliza. Ibn Abbas akamsimulia onyo kali la Mtume (s.a.w.) juu ya watengenezao sura. Yule mtu alipofadhaika, hakumwacha bila ya njia: alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho.

Juu ya sura za vyenye roho zichorwazo karatasini, wanazuoni wamekhitilafiana. Walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamezizuia. Baadhi ya Maliki wamezihesabu kuwa makuruhu zikiwa hazina kivuli. Ama majani, mito, milima, majumba, nakshi na khati, mlango u wazi. Kwa hiyo mzazi asimnyang'anye mtoto penseli. Ambadilishie kitu cha kuchora.

Kazi hii si ngeni kwetu

Wazee wetu hawakuiogopa kalamu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, misahafu iliandikwa kwa mkono na kupambwa kwa nakshi za maua na mistari katika karne ya 18 na ya 19. Mafundi wa milango walichora kwanza juu ya ubao kabla ya kushika patasi. Na kofia zetu za kushonwa kwa mkono, ua lake huchorwa kitambaani kabla ya sindano kupita. Haya yote yalirithiwa kwa kutazama: mtoto aliketi karibu na mkubwa akaona. Mtoto wa Ruiru hana wa kuketi karibu naye. Asipojifunza kwa jicho na mkono wake, nakshi hizo zitabaki kuwa kitu cha kupigwa picha siku za likizo.

Wala tusidhani kwamba bila ya skuli ya sanaa mtu hafiki popote. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kusini mwa Tanzania, hakusomea uchoraji. Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari. Alifariki mwaka 1972, na katika muda huo mfupi jina lake lilikuwa limeshageuka kuwa jina la mtindo mzima. Yeye alichora sana wanyama, na katika hilo hatumfuati. Tunachochukua kwake ni kwamba alianza na vifaa alivyoweza kuvipata, na vikamtosha.

Vya kuanzia

Nunua daftari lisilo na mistari, penseli mbili, ya HB kwa mistari miepesi na ya 4B kwa vivuli, raba, rula, na bikari ile iliyomo katika kopo la jometri la mwanao. Tenga nusu saa kila siku, mathalan baada ya Alasiri. Nusu saa ya kila siku ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Somo la kwanza ni jani la mkahawa. Ruiru ni nchi ya kahawa, na hata aina mashuhuri ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, imebeba jina la mji huo. Weka jani mbele yako. Chora mshipa wa kati, kisha ukingo wake wenye mawimbi, kisha mishipa ya pembeni. Aghalabu mwanafunzi huipeleka mishipa hiyo moja kwa moja hadi ukingoni. Hebu tazama tena: hujipinda kabla ya kufika. Aliyekosea amechora jani lililo kichwani mwake, si lililo mezani. Hii ndiyo siri yote ya uchoraji: chora ukionacho, si ukidhanicho.

Somo la pili ni nanasi, na Thika halikosekani. Macho yake hayakutawanywa ovyo. Yamejipanga katika mistari izungukayo kwa mshazari, na ukiihesabu, mara nyingi utapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Basi chora kwanza umbo la yai, kisha mistari ya mshazari ikikatana kama wavu, ndipo utie jicho katika kila tundu.

Somo la tatu ni nakshi. Piga duara kwa bikari. Bila ya kubadilisha upana wake, weka ncha juu ya ukingo wa duara, kisha piga upinde upitao katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Pale upinde ulipokata ukingo, weka ncha tena. Baada ya mara 6 utarejea ulipoanza, na ua la petali 6 litakuwa limekamilika.

Somo la nne ni khati. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliweka kanuni ya kuzipima herufi kwa nukta ya kalamu. Chonga kalamu ya mwanzi, ikate ncha kwa mshazari, andika alifu moja, uipime kwa nukta zake. Ikitoka ndefu au fupi, rudia.

Wasia

Usitupe mchoro mbaya. Uandike tarehe, uuweke. Baada ya miezi 3 utautazama na utajua ulikotoka. Usijilinganishe na picha za kwenye simu. Mtoto akikuonyesha kazi yake, usimwambie tu kwamba ni nzuri. Muulize aliona nini. Na adhana ikilia, penseli iwekwe chini.

Suratul Ghaashiya yatuita tutazame mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Wengi wetu twapita tu bila ya kutazama. Mama aliyehesabu macho ya nanasi kwa penseli yake, pamoja na bintiye, ametazama, na atakapolikata jioni hatolikata kama alivyolikata jana.

Wabillahi tawfiq.