Soma Bolti Kabla ya Kuikaza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya leo: bolti – nati – hesi – shokapu – tapu – koili

Fungueni ukurasa huu. Kila mmoja aweke kidole chini ya maneno sita yaliyo hapo juu, tuyasome pamoja, polepole. Usipoelewa neno, usihofu. Kila neno litaelezwa mahali pake.

Leo tunazungumza juu ya gari. Pengine wewe huna gari. Lakini unapopanda gari kwenda sokoni, au unapompeleka mtoto hospitali, uhai wako umeshikwa na bolti ambazo huzioni. Baadhi yake ziko karibu na magurudumu. Hizo hushika springi na shokapu. Shokapu ni lile bomba la chuma linalozuia gari lisirukeruke. Bolti yake ikitoka, gurudumu hudundadunda barabarani, na dereva akikanyaga breki gari halisimami upesi.

Hesi ni nini?

Tazama bolti. Utaona mistari inayoizunguka, kama njia inayopanda mlima kwa kuuzunguka. Mistari hiyo ndiyo hesi. Ndani ya nati mna hesi pia, na ndani ya tundu la chuma ambamo bolti huingia. Hesi za nje zikikaa kati ya hesi za ndani, bolti hushika. Hesi zikilika, bolti huzunguka bure. Unakaza, nayo haikazi.

Hesi hulika kwa sababu gani? Kutu huzila. Mtu mwingine hukaza kwa nguvu kupita kiasi. Mwingine huingiza bolti upande. Na mwingine huchukua bolti yoyote aliyoiona, akailazimisha kwa spana. Huyu wa mwisho angaliweza kuepuka hasara kama angaliisoma bolti kwanza.

Bolti husomwaje?

Bolti husomwa kwa vipimo viwili na kwa namba ya kichwani.

Kipimo cha kwanza ni unene. Kipimo cha pili ni hatua, yaani nafasi kutoka mstari mmoja wa hesi mpaka mstari unaofuata. Bolti mbili zaweza kuwa na unene mmoja wa milimita 12, lakini moja ina hatua ya 1.25 na nyingine ina hatua ya 1.75. Kwa macho zinafanana. Kwa kazi hazipatani.

Utazitambuaje? Chukua rula. Ilaze kando ya bolti. Hesabu nafasi 10 za hesi. Kama nafasi 10 zinachukua milimita 12 na nusu, hatua ni 1.25. Zikichukua milimita 15, hatua ni 1.5. Zikichukua milimita 17 na nusu, hatua ni 1.75. Hesabu hii ni ya kugawa kwa 10, nawe umekwisha kujifunza.

Zamani kila karakana ilikata hesi zake yenyewe. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja kwa wote. Hesi zake zina pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani alipendekeza hesi za digrii 60. Bolti za milimita tunazotumia sasa zina digrii 60 pia. Basi bolti ya gari la zamani la Kiingereza yaweza kuingia mizunguko miwili katika nati ya gari la Kijapani, kisha ikakwama. Ukiilazimisha, umeharibu zote mbili.

Sasa namba ya kichwani. Juu ya kichwa cha bolti nyingi za milimita pameandikwa namba, kama 4.6, au 8.8, au 10.9. Namba hii ni nguvu ya chuma. Chukua ile ya mbele ya nukta, uizidishe kwa 10. Bolti ya 8.8 hustahimili mvuto wa kilo 80 hivi kwa kila milimita moja ya mraba kabla ya kukatika. Bolti ya 4.6 hustahimili kilo 40 hivi tu. Ukitoa bolti ya 10.9 kwenye gari na kutia ya 4.6 kwa sababu ni rahisi, umeondoa zaidi ya nusu ya nguvu. Bolti ya kufungia mlango usiitie kwenye gurudumu.

Kutengeneza nyumbani

Simamisha gari mahali tambarare, pagumu. Zuia magurudumu yasiyoinuliwa kwa mawe au magogo. Inua gari kwa jeki, kisha liegeshe juu ya stendi za chuma. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali. Jeki huteleza na tofali hupasuka.

Safisha mahali pa kazi kwa burashi ya waya na mafuta ya taa. Kisha tazama: kilicholika ni nini?

Kama ni bolti au nati, usitengeneze. Nunua mpya yenye unene, hatua na namba zile zile. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Kama ni tundu, na hesi zimechubuka kidogo tu mdomoni, zisafishe kwa tapu. Tapu ni chuma kigumu cha kukatia hesi. Chagua tapu yenye vipimo vya bolti yako. Itie mafuta. Ianze kwa mkono, wima. Zungusha nusu mzunguko mbele, kisha robo mzunguko nyuma, ili vipande vya chuma vikatike. Endelea hivyo mpaka iende kwa wepesi.

Kama hesi za tundu zimekwisha kabisa, tumia koili. Koili ni waya mgumu uliosokotwa kama springi ndogo, na ndani yake ni hesi mpya. Huuzwa pamoja na tapu yake ya pekee. Vaa miwani ya kukinga macho. Toboa tundu kwa keekee yenye kipimo kilichoandikwa kwenye kisanduku cha koili. Hapa pia kusoma ndiko kunakofanya kazi. Kata hesi kwa tapu ile. Ondoa chembe zote za chuma. Zungusha koili ndani mpaka ncha yake ya juu ipite chini ya uso wa tundu kwa nusu mzunguko hivi. Vunja kile kijino kilicho chini yake, ukitoe. Keekee ikienda upande, usiendelee. Nunua kifaa kizima.

Sasa jaribu bolti kwa vidole, bila spana. Yapasa iingie kwa wepesi mizunguko mingi. Ikikataa, itoe uanze tena. Bolti ya milimita 12 katika chuma cha pua yapasa ishikwe na hesi kwa kina cha milimita 12 au zaidi. Mwisho kaza kwa spana ya kipimo, kwa namba iliyo katika kitabu cha gari. Kama bolti inapita katika bushi ya mpira, mkazo wa mwisho ufanywe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Tia alama ya rangi juu ya bolti na chuma. Baada ya safari fupi tazama tena. Alama zikiachana, bolti imelegea.

Yasiyofaa kutengenezwa nyumbani

Usizibe hesi zilizolika kwa kitambaa, katani wala kipande cha bati. Usichomelee bolti, kwa maana moto huondoa ugumu wa chuma. Bolti yenye umbo la U inayofunga springi, ikilika hesi, tia mpya. Nati ya juu ya springi ya kuviringishwa usiifungue bila vibanio vyake: springi ile imebanwa, nayo yaweza kumuua mtu. Na hesi zikilika kwenye sehemu za usukani au breki, mpelekee fundi.

Maswali

1. Nafasi 10 za hesi zinachukua milimita 15. Hatua ni ngapi?
2. Ipi ina nguvu zaidi, bolti ya 8.8 au ya 10.9?
3. Kwa nini bolti huanzwa kwa vidole?

Andika majibu katika daftari. Kisha tafuta bolti moja nyumbani, hata ya baiskeli. Ipime kwa rula, usome kichwa chake kama kina namba, uandike ulichokiona. Lete daftari darasani, tusomeane. Kwaherini.