Fahamu: Jinsi mawimbi ya sauti yanavyochunguza elektroni

Mwaka 1980, mjini Grenoble, Ufaransa, mwanafizikia Mjerumani Klaus von Klitzing alipima semikondakta iliyopozwa mno ndani ya sumaku kali. Aligundua kuwa ukinzani wa Hall, yaani ule unaopimwa kukingama njia ya umeme, hupanda kwa ngazi bapa, tena sahihi ajabu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kwa nini sauti?
Katika ngazi hizo, umeme unaopimwa kwa nyaya hufuata zaidi kingo za sampuli. Mawimbi ya sauti yanayosafiri juu ya uso wa sampuli hupita katikati, zilipo elektroni nyingi, bila waya kuzigusa.

Hufanyaje kazi?
Juu ya sampuli ya semikondakta, fuwele ya galiamu arsenaidi, huwekwa jozi mbili za vitana vidogo vya metali. Jozi moja hupewa umeme unaobadilika haraka. Uso hutetemeka, na wimbi hukimbia karibu kilomita 3 kwa sekunde hadi jozi ya pili. Fuwele hii huzalisha umeme inapominywa, kwa hiyo wimbi hubeba uga wa umeme. Elektroni zinazotembea kwa uhuru huuzima uga huo na wimbi hupunguza kasi. Kwenye ngazi bapa za Hall elektroni haziwezi kuuzima, na wimbi huenda kasi zaidi.

Wimbi limefichua nini?
Mwaka 1990, Robert Willett na wenzake wa maabara ya Bell Labs walisikiliza hali ambamo nusu tu ya nafasi za elektroni zenye nishati ya chini kabisa imejaa. Wimbi lilipungua kasi kuliko walivyotarajia. Mwaka 1993, wanafizikia Halperin, Lee na Read walieleza sababu: kila elektroni hujifunga na vipande viwili vya uga wa sumaku, kisha huenda kwa uhuru kana kwamba sumaku haipo, na hivyo huuzima uga wa wimbi. Kipimo hicho ni ushahidi mzito kwamba elektroni zikitenda kwa pamoja huzaa tabia mpya kabisa.