Mshono wa Msalaba kwa Sikukuu: Kweli au Si Kweli?

Novemba ikiingia, au mwezi wa Shaaban ukiandama, vikapu vya uzi hutolewa kabatini katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Huyu anataka vitambaa vipya vya makochi kabla wageni wa Krismasi hawajafika. Yule anataka kitambaa cha kufunikia sinia la asubuhi ya Idd. Mwingine anatengeneza mapambo madogo ya kuning'iniza kwenye mti. Kazi hizi huanza kwa furaha, lakini nyingi huharibika mwishoni: rangi inachuja, pindo linafumuka, ua linapinda ndani ya fremu. Mara nyingi chanzo ni maneno tuliyoyapokea kwa watu na kuyaamini bila kuyapima. Tuyapime sasa, moja baada ya jingine.

1. "Asiyejua kuchora hawezi kudarizi." SI KWELI

Mshono wa msalaba ni kazi ya kuhesabu. Mchoro wake huwa kwenye karatasi ya miraba: mraba mmoja wa karatasi ni msalaba mmoja kwenye kitambaa, na alama iliyo ndani yake hukuambia rangi. Njia hii ilienea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, wachapishaji wa Berlin walipoanza kuuza michoro ya miraba iliyotiwa rangi kwa mkono. Tangu hapo, mtu asiyeweza kuchora hata jani akaweza kudarizi bustani nzima.

Kinachoangusha watu ni kupotea katika hesabu. Kinga yake ni rahisi. Kunja kitambaa mara mbili upate katikati, kisha piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine kila baada ya miraba 10, kwenda chini na kwenda pembeni. Ukikosea, utaligundua kosa ndani ya miraba 10, kabla hujamaliza ua zima.

2. "Ni kazi ya Krismasi, tena ya wanawake." SI KWELI

Wapalestina, Waislamu kwa Wakristo, wamepamba magauni yao kwa mshono huu vizazi na vizazi, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza sanaa yao ya kudarizi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nyota, mwezi mwandamo au taa ya Ramadhani hukaa vizuri kwenye miraba kama ulivyo mti wa Krismasi.

Kuhusu wanaume, pwani yetu ina jibu: darizi za shingo ya kanzu zimepita katika mikono ya mafundi wengi wa kiume. Na mwaka 1941 Meja Alexis Casdagli wa jeshi la Uingereza, akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani, alidarizi kitambaa na kuficha pembeni mwake maneno ya kumlaani Hitler kwa alama za Morse. Wajerumani walikionyesha kambini bila kuyang'amua. Likizo ya Desemba ni ndefu. Mvulana naye apewe sindano.

3. "Bila kitambaa cha Aida huwezi kuanza." NUSU KWELI

Aida ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa miraba midogo yenye tundu katika kila kona. Kwa anayeanza, hakuna kinachomzidi. Hata hivyo, kitambaa cha drafti kama kile cha mashati ya shule kina miraba tayari: msalaba mmoja ndani ya kila mraba, kona hadi kona, na mchoro unatokea. Kipime kwanza kwa rula, kwa sababu drafti nyingine ni ndefu upande mmoja, na ua la duara litatoka kama yai.

Aida inataka sindano butu ipitayo kwenye tundu bila kuchana nyuzi. Drafti haina matundu, kwa hiyo inataka sindano yenye ncha. Kitambaa cha pamba ambacho hakijawahi kufuliwa kifue kwanza. Kikirudi baada ya kudariziwa, kazi yote itakunjana.

4. "Namba ya kitambaa ikiwa kubwa, na kazi huwa kubwa." SI KWELI

Ni kinyume chake. Namba ya Aida, iwe 11, 14, 16 au 18, ni idadi ya miraba katika inchi moja. Namba ikipanda, miraba inakuwa midogo na kazi inapungua ukubwa. Mchoro wa miraba 70 kwa 98 ukidariziwa kwenye Aida ya 14 unatoka inchi 5 kwa 7. Kwenye Aida ya 18 unakuwa inchi 3.9 kwa 5.4. Hesabu ni kugawanya tu: miraba ya mchoro kwa namba ya kitambaa.

Kabla ya kukata, ongeza pambizo. Kazi ya kutia fremu iache sentimita 7 au 8 kila upande. Kwa pambo dogo la mti, 4 zinatosha. Kitambaa kilichokatwa kwa ubahili hakina dawa.

5. "Fundo huzuia uzi usichomoke." SI KWELI

Fundo hufanya kivimbe kinachoonekana mbele kazi ikipigwa pasi, na kwenye Aida linaweza kupenya tundu na kuchomoka. Uzi wa kudarizi wa pamba una nyuzi 6 unazoweza kuzitenganisha, na kwenye Aida ya 14 kwa kawaida tunatumia 2. Chukua uzi mmoja wa urefu maradufu, ukunje, pitisha ncha zote mbili kwenye tundu la sindano, na uache kitanzi upande wa pili. Sindano ikipanda na kushuka mara ya kwanza, ipitishe ndani ya kitanzi hicho nyuma ya kitambaa, kisha vuta. Umeshika bila fundo. Ukimaliza, pitisha uzi chini ya mishono minne au mitano ya nyuma na ukate.

Uzi mrefu nao hauokoi muda. Kila unapopita kwenye kitambaa unasuguliwa, unajisokota na kupoteza mng'ao. Nusu mita inatosha. Uzi wa dhahabu au fedha uwe mfupi zaidi, sentimita 30 hivi, kwani huchambuka haraka.

6. "Misalaba yote ni lazima ilale upande mmoja." KWELI

Hili lishikwe bila mjadala. Unaweza kuanza na mstari wa mshazari wa kulia au wa kushoto, hiari yako. Lakini mstari wa juu ukishauchagulia upande, misalaba yote ifuate huo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Pamba hurudisha mwanga kulingana na ulalo wake. Msalaba mmoja uliogeuzwa huonekana kama doa hata kama rangi ni ileile. Wanapodarizi wawili kitambaa kimoja cha meza, wapatane kabla sindano hazijaingia.

7. "Nyuma pawe pasafi kama mbele." NUSU KWELI

Inategemea kitu chenyewe. Kitambaa cha kochi au cha meza hugeuka na kuonekana, kwa hiyo nyuma kunastahili heshima. Picha ya fremu hairuhusu mtu kuchungulia. Kosa la kweli ni kuvusha uzi mweusi au mwekundu kutoka ua hadi ua nyuma ya kitambaa cheupe, kwani kivuli chake huonekana mbele. Nafasi ikizidi miraba mitatu au minne, kata uzi na uanze upya.

8. "Kazi ya mkono haifuliwi." SI KWELI

Ni lazima ifuliwe. Jasho na mafuta ya vidole huingia kwenye kitambaa hata kama hayaonekani leo, na baada ya miaka huwa madoa ya manjano. Fremu ya duara ya kuwambia kitambaa wakati wa kudarizi nayo huacha alama. Itoe kila unapoweka kazi kando.

Woga wa rangi una msingi. Nyekundu, buluu iliyokoza na nyeusi ndizo zinazochuja, na nyekundu ndiyo rangi ya Krismasi. Zijaribu mapema: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe, utazame. Hapa ndipo uzi mzuri unapolipa gharama yake. Bania pesa kwenye kitambaa ukipenda, usibanie kwenye uzi mwekundu. Tunza pia karatasi yake yenye namba. DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746, huipa kila rangi namba yake, na namba hiyo ndiyo itakayokupatia rangi ileile uzi ukikuishia.

Fua kwa maji baridi na sabuni laini, bila jiki. Rangi ikianza kutoka, usiogope na usianike. Endelea kusuuza kwa maji baridi hadi yatoke meupe, kwa sababu rangi iliyochuja ikikauka ndipo hung'ang'ania. Usikamue, viringisha kazi ndani ya taulo safi na ukandamize. Ikiwa bado na unyevu, ilaze kifudifudi juu ya taulo nene na uipige pasi kwa nyuma, ili misalaba isilale bapa. Usipige pasi kazi ambayo haijafuliwa, maana joto hukaza madoa.

9. "Gundi inatosha kumalizia." SI KWELI

Gundi hukauka, hukakamaa, na kwa miaka hugeuka rangi na kupenya mbele. Kazi ya fremu iwambwe juu ya kadi isiyo na asidi: kunja pambizo nyuma, kisha funga kwa uzi imara kutoka ukingo hadi ukingo, ukianzia katikati kwenda kwenye kona, huku ukitazama mistari ya miraba isipinde. Kioo kisiguse nyuzi. Katika unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, kitambaa kilichobanwa na kioo hushika ukungu. Weka ukanda wa kadi kati ya kioo na kitambaa.

Kitambaa cha meza kikunjwe pindo mara mbili, kona zikunjwe kwa mshazari, na kishonwe kwa mkono kwa mishono midogo isiyoonekana juu. Pambo la mti lishonwe vipande viwili mgongo kwa mgongo, liachiwe mwanya, lijazwe sufi au pamba, kisha lifungwe kwa utepe.

10. "Wiki mbili kabla ya sikukuu zinatosha." SI KWELI, mpaka upige hesabu

Pima mwendo wako. Darizi misalaba 100 na utazame saa. Mchoro wa miraba 60 kwa 80 ukijaa wote una misalaba 4,800. Kama 100 inakuchukua saa moja, hiyo ni saa 48. Kwa saa moja kila jioni, ni karibu wiki 7. Mwenye wiki mbili achague nyota moja ya kadi au pambo dogo, nayo ataimaliza vizuri.

Krismasi haihami, lakini Idd huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo usiipange kwa tarehe ya mwaka jana. Kwa kazi kubwa, fungua kalenda leo, weka alama siku ya sikukuu, urudi nyuma wiki mbili. Hiyo ndiyo siku ya msalaba wa mwisho. Wiki mbili zinazobaki ni za kufua, kupiga pasi, kuwamba na kupinda, na hizo usimpe mtu wala shughuli nyingine.