Gia sahihi hupunguza gharama ya gunia

MKULIMA wa Nyamahanga, mkoani Kagera, anapouza mahindi shambani, mnunuzi hutoa kwanza gharama ya lori ndipo ataje bei. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ni dizeli, na katika vilima vya Ngara na Biharamulo, dizeli hutegemea sana jinsi dereva anavyobadili gia.

Tuseme lori limebeba magunia 70 ya kilo 100, na safari ya kwenda na kurudi inakula lita 100. Kila gunia linabeba karibu lita moja na nusu. Dereva akiokoa lita 10, kuna fedha ya kugawana kati ya mwenye lori na mwenye mahindi.

Injini nyingi za malori ya dizeli huvuta vizuri zikizunguka kati ya mara 1,200 na 2,000 kwa dakika. Kwenye tambarare, dereva apandishe gia mshale unapokaribia 2,000. Asiwahi mno; gari likitetemeka na kukosa nguvu, gia hiyo ni kubwa. Anapopanda kilima, ashushe gia kabla injini haijachoka. Akichelewa, lori litasimama, na kuliondoa tena na mzigo hula dizeli na klachi.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye mteremko. Baadhi ya madereva huweka frii wakiamini wanaokoa mafuta. Hesabu ni kinyume. Lori likiteremka likiwa ndani ya gia, bila kukanyaga mafuta, pampu hukata dizeli na magurudumu ndiyo huizungusha injini. Likiwa frii, injini huendelea kuchoma dizeli ili isizime.

Aidha, lori likiwa frii mzigo wote huachiwa breki, nazo zikipata moto hupoteza nguvu. Hapo si mahindi tu yanayopotea, bali pia maisha ya dereva na utingo wake. Gia iliyopandia kilima ndiyo iteremkie, na ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza, kwani katikati inaweza kukataa kuingia.

Wakulima wanaokodi lori kwa pamoja wajaze tangi kabla na baada ya safari, kisha waandike lita zilizotumika. Baada ya safari chache watajua ni dereva yupi anayewaongezea bei ya gunia.