Nchi tatu kwa barabara za pembeni

Dereva anayetoka Morogoro kuelekea Iringa huwa na safu ya Uluguru mkono wake wa kushoto kwa muda mfupi tu. Akifika njia panda ya Sangasanga asipopinda, milima inabaki nyuma na yeye anaingia kwenye mbio za malori. Akipinda, anafika Mlali, kwenye mashamba ya nyanya, na baada ya hapo barabara huanza kupanda kuelekea Mgeta. Asubuhi hiyo hiyo anatoka kwenye joto la bondeni na kufika kwenye baridi inayostawisha kabichi, njegere na stroberi, kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mtu wa tambarare hushangaa jembe linashikwaje. Wengi wanaopanga kuzunguka nchi kadhaa kwa gari huanza kwa kuhesabu nchi: tatu, nne, ikiwezekana tano. Mimi nashauri waanze kwa kuchagua barabara za pembeni kama hii ya Mlali, halafu idadi ya nchi ije yenyewe. Lile tangazo la afya lililotuhimiza tuache michepuko ya mapenzi na kubaki njia kuu lilikuwa na busara yake, ila halikuwalenga watalii.

Sababu imo katika historia ya barabara zenyewe. Njia kuu hii ya Iringa, inayoendelea hadi Tunduma mpakani mwa Zambia, haikujengwa ili mtu afurahishe macho. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, ikaihitaji bandari ya Dar es Salaam kwa shaba yake na kwa mafuta yake. Njia ya vumbi ikageuka njia ya malori, baadaye ikatiwa lami. Mhandisi wa barabara ya mizigo hutafuta mwinuko mdogo na kona chache, kwa hiyo huuzunguka mlima kila anapopata upenyo. Barabara yake hupendeza zaidi pale alipokosa upenyo, kama Kitonga, ambako hakukuwa na namna ila kukwea hadi nyanda za juu. (Mikumi, ambako lami inakatiza hifadhi kwa takriban kilometa 50, tuseme ni bahati.) Ulaya mambo ni hayo hayo. Handaki la barabara la Gotthard nchini Uswisi, lililofunguliwa mwaka 1980, lina urefu wa karibu kilometa 17, na anayelipitia huivuka milima ya Alpi bila kuiona. Juu yake barabara ya zamani bado ipo, inafika mita 2,106 kutoka usawa wa bahari, na theluji ikishayeyuka wanaotaka kuona milima hupanda huko.

Tuujaribu ushauri huu kwa safari halisi ya Tanzania, Malawi na Zambia. Ramani ya simu itakupeleka Mbeya, Karonga, Lilongwe, Chipata, Lusaka, halafu ikurudishe Tunduma: maelfu ya kilometa, sehemu kubwa ikiwa lami iliyonyooka katikati ya miombo. Anayeanza na barabara za pembeni atachora mzunguko mdogo zaidi. Atalala Mgeta kwanza. Kutoka Uyole atashuka Tukuyu, kati ya chai na migomba chini ya Mlima Rungwe, achepuke kwenye Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, kisha avuke Kasumulu. Ndani ya Malawi atafuata ziwa hadi Chitimba, na hapo ndipo penye uamuzi. Magari mengi huendelea na lami kuelekea Mzuzu, ilhali barabara ya kando, yenye mawe na kona kali 20 katika kilometa kama 15, hupanda hadi Livingstonia, misheni ya Waskoti iliyohamia hapo mwaka 1894, na ziwa lote linabaki chini ya miguu. Akishuka atarudi Karonga, apitie Chitipa na kuingia Zambia upande wa Nakonde, aelekee Mbala, mji ambako Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake la Wajerumani tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya. Jirani na Mbala yapo maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja mpakani mwa Zambia na Tanzania. Atarudi nyumbani kupitia Kasesya na Sumbawanga. Nchi ni zile zile tatu, na Lusaka hakufika, sioni alichopoteza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwanga. Miongozo mingi ya safari za magari inahusu Ulaya, ambako mwezi Juni jua huchelewa kuzama hadi saa tatu au nne usiku, na ambako ndani ya eneo la Schengen mara nyingi mtu huvuka mpaka bila hata kupunguza mwendo. Huku kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mwezi Juni, kwa saa za Karonga, jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni. Ondoa muda wa mpakani wa kugonga pasipoti, kuonyesha kadi ya gari, kupata kibali cha muda cha kuingiza gari na kukaguliwa bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni vema kuikata kabla ya kuondoka. Kwa hesabu zangu, siku ya mpaka ni nusu siku ya barabara. Kila nchi inayoongezwa kwa ajili ya kujisifu inalipwa kwa saa za mchana, na mandhari ya usiku ni taa za lori lililo mbele.

Watakaonipinga watasema barabara za pembeni huvunja magari. Ni kweli, na masika, Machi hadi Mei, nisingemshauri mtu apande Mgeta wala Livingstonia kwa gari dogo la chini. Lakini Juni na Julai njia huwa zimekauka, majani bado ni mabichi, na moshi wa mioto ya porini haujatanda kama unavyotanda Zambia mwezi Septemba. Tena hatari kubwa ya njia kuu, ya kulipita lori kwenye mlima, haimo kabisa katika hesabu ya wanaoogopa mawe. Mafuta ni hoja nzito zaidi: Malawi imepata uhaba wa mara kwa mara miaka ya karibuni, basi jaza tangi Kyela na ubebe akiba. Wengine watasema likizo ni fupi. Fupi kwelikweli, na ndiyo maana inabidi kitu kikatwe. Mwenye wiki moja tu aifute Zambia, abaki na zile kona 20.